Likizo ya Zabibu: Mwalimu wa Mnyuzi Amealikwa Ufaransa

  

Leo nataka tuzungumze habari ya likizo, na simaanishi likizo tuliyoizoea sisi. Mtumishi wa huku kwetu sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Zinakwenda wapi? Misiba miwili, arusi ya binamu, na paa la nyumba ya mama linalovuja tangu masika yaliyopita. Siku zimekwisha, anarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka. Kupanga safari ya kwenda mahali ambapo huna ndugu wala shughuli, ukaangalie tu wenzako wanaishije na wanalima nini, bado wengi tunaona ni mambo ya Wazungu.

Lakini mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Mnyuzi, Korogwe, amenijia na swali. Mwanawe anasoma Ufaransa, naye amempigia simu: baba, njoo unitembelee, nitakuzungusha kwenye mashamba ya zabibu. Mwalimu kauliza aanzie wapi. Nikamjibu kwa swali: "Mwalimu, samahani, mashamba ya zabibu ya Dodoma umeshayaona?" Akacheka. "Dodoma nimekwenda kwa vikao. Nimeona ukumbi, gesti na stendi."

Hapo ndipo mazungumzo yangu ya leo yalipozaliwa. Mimi nasema mwalimu aende Ufaransa, tena aende kwa raha zake zote. Ila aanze Dodoma. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tumalize karatasi, maana safari ya Ulaya huanzia kwenye karatasi.

Ufaransa iko ndani ya nchi za Schengen. Viza yake ya matembezi, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima, na fedha hiyo hairudi hata ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake. Mimi ningemshauri mwalimu asisubiri hata mwezi wa mwisho. Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na ibaki hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Kwa kuwa atafikia kwa mwanawe, kijana atakwenda ofisi ya meya wa mji anaokaa kuomba hati ya mwenyeji, na hiyo hati itaambatishwa na maombi ya baba. Watataka pia taarifa ya benki. Hapa watu hufanya ujanja wa kuazima milioni kadhaa na kuziingiza kwenye akaunti wiki ya mwisho. Msifanye. Wanaosoma taarifa hizo kazi yao ni hiyo, na fedha iliyoingia jana wanaiona. Pensheni ndogo inayoingia kila mwezi ina sura nzuri kuliko milioni kumi za ghafla. Na nyingine: viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata hiyo ya kuchuma zabibu kwa wiki moja. Wapo wanaodanganywa.

Basi, karatasi zimepita. Sasa aende lini?

Hapa ndipo wengi hukosea, hata Wazungu wenyewe. Mtu anasema nataka kwenda wakati wa mavuno nione zabibu zikichumwa. Ufaransa mavuno ni mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba, ingawa miaka hii ya joto kuna sehemu wanaanza Agosti. Ni wakati mzuri kwa macho, ila ndio wakati ambao mwenye shamba hana nafasi na wewe. Fikiria mtu akutembelee siku unayovuna mahindi na mvua imeshaanza kutanda. Utamkaribisha, lakini utamtazama? Wakulima wengi wadogo wa kule wakati huo hufunga mlango kwa wageni. Kwa mtu kama mwalimu, anayependa kuuliza maswali marefu, ningemchagulia Mei au Juni. Mzabibu unatoa maua, jua linakaa angani hadi saa tatu na zaidi usiku, na mkulima ana muda wa kusimama na kueleza. Wazee wao wana hesabu ya mkono: tangu ua hadi mavuno, siku mia moja.

La pili ni kuchagua mahali pamoja. Nchi ile ina maeneo mengi ya zabibu, na ukitaka kuyamaliza yote kwa likizo moja utakuwa umefanya utalii wa vituo vya treni. Bordeaux ndiyo yenye jina kubwa, na treni ya kasi kutoka Paris inafika kwa saa mbili hivi, lakini mashamba yake ni makubwa, yametawanyika, na bila gari utahangaika. Champagne iko karibu na Paris: hadi mji wa Reims ni dakika 45 hivi kwa treni ya kasi, na chini ya mji ule kuna mahandaki yaliyochimbwa kwenye chokaa tangu enzi za Warumi, ambamo chupa hulazwa gizani kwa miaka. Mle ndani baridi haibadiliki, nyuzi kumi na kidogo, masika na kiangazi. Mwalimu abebe sweta. Alsace, mpakani na Ujerumani, wana barabara yao maalumu ya mvinyo ya kilometa 170, iliyotangazwa mwaka 1953, inayopita kijiji hadi kijiji. Miaka sabini sasa wanaitengenezea vibao.

Mimi ningempeleka Burgundy, mji wa Beaune. Si kwa sababu ya kinywaji. Ni kwa sababu ya habari za ardhi na hospitali, mambo ambayo mtu wa Korogwe anayaelewa bila mkalimani.

Kaskazini ya Beaune kuna shamba moja linaitwa Clos de Vougeot. Ni hekta 50, limezungushiwa ukuta wa mawe uliojengwa na watawa zamani za kale. Mapinduzi ya mwaka 1789 yakawanyang'anya watawa, likauzwa, kisha likagawanyika. Sheria yao ya urithi, ile ya tangu Napoléon, inawapa watoto wote haki sawa. Leo ndani ya ukuta huo mmoja kuna wamiliki 80 hivi. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Kila mmoja anajua mstari wake unaanzia wapi, anapogoa wake, anavuna wake, anakamua wake, na chupa za wote zina jina la shamba lile lile. Hebu jiulize: hekta 50, warithi 80, hapa Mnyuzi au kule kwa Wazigua wa Handeni. Baraza la ardhi la kata lingekaa lini? Na kesi hiyo ingeisha wajukuu wakiwa na mvi. Ningependa mwalimu asimame kwenye ukuta ule aulize: mlifanyaje? Jibu lake nitalihitaji hapa redioni.

Halafu hospitali. Pale Beaune ipo hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 kwa ajili ya maskini, yenye paa la vigae vya rangi rangi. Matajiri walipokuwa wakifa waliiachia mashamba ya mizabibu kama wakfu. Leo ina hekta 60 hivi, na kila mwaka, Jumapili ya tatu ya Novemba, mvinyo wake unauzwa kwa mnada na fedha zinakwenda kwenye tiba na hisani. Mnada huo upo tangu mwaka 1859. Wakfu tunaufahamu, misikiti yetu ya pwani imeishi kwa minazi ya wakfu. Wakfu uliotunzwa ukaendelea kulipa hadi mashine za hospitali, huo ndio wa kwenda kuutazama.

Na kwa kuwa nimetaja misikiti: ndugu zangu Waislamu msizime redio. Nanyi Walokole. Najua Korogwe na Handeni wengi wetu pombe hatugusi, na swali la kwanza ni, sasa mimi shamba la mvinyo nakwenda kufanya nini? Unakwenda kuona kilimo. Hakuna anayelazimishwa kuonja. Kwanza, hata wale wenye ujuzi wao hawanywi. Mtu anamiminiwa mvinyo kidogo, anauzungusha kwenye glasi, ananusa kama anayenusa mchele wa Mbeya kabla ya kununua, anasukutua, halafu anatema kwenye ndoo. Ndiyo, ndoo ya kutemea imewekwa mezani, tena ya heshima. Mara ya kwanza ukiona utadhani amelishwa kitu kibaya. Kwa anayekunywa, tahadhari ni moja: kule dereva akipimwa na kukutwa na zaidi ya nusu gramu ya pombe kwa lita moja ya damu ana kesi. Beaune wana treni ndogo za mkoa na njia za baiskeli katikati ya mizabibu. Gari la kukodi libaki huko huko linakokodishwa.

Sasa, Dodoma.

Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia miaka ya 1950, pale Bihawana, kwa ajili ya altare. Baada ya Uhuru ikaenea, serikali ikaingia, miaka ya 1980 kikawepo kiwanda cha umma cha DOWICO, nacho kikafa kama vilivyokufa viwanda vingi. Wakulima hawakufa. Walibaki na mizabibu yao Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Makutupora, Chinangali, wakiuza barabarani na kwa kila aliyebisha hodi. Baadaye wakaja watu binafsi. Hombolo pakajengwa kiwanda cha CETAWICO, mjini wakaja Alko Vintages, na wasindikaji wadogo wadogo wengi, baadhi yao kina mama, wanaokamua na kuuza kile kinachoitwa kule mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujatiwa kwenye chupa.

Hili ndilo nililotaka mwalimu alione kabla hajapanda ndege. Mzabibu wa Ufaransa unalala. Baridi inakuja, majani yanapukutika, mti unabaki kigogo, na mkulima anapogoa kwa utulivu kwa sababu msimu umemfanyia nusu ya kazi. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu haujui kulala. Ukiuacha, utaota majani ovyo kama mti wa ua. Kwa hiyo mkulima wa Kigogo ndiye anayeuamrisha: anachukua mkasi, anakata matawi yote yaliyozaa, anaacha vijiti vyenye macho mawili matatu, na kwa mkato huo mti unashtuka na kuanza upya. Karibu miezi minne baadaye kuna matunda. Ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili: mavuno ya kwanza Februari hadi Aprili, wakati wa mvua, na ya pili Agosti na Septemba, wakati wa jua kali. Ya mvua yana taabu, ubwiri unapanda kwenye majani, vichala vinaoza. Ya kiangazi ndiyo matamu. Mkulima wa Bordeaux ana nafasi moja kwa mwaka ya kukosea. Wa Hombolo anazo mbili, na mchwa juu yake.

Nimesema mchwa, sitanii. Nguzo za kichanja zikiwa za mti mbichi, mchwa wanaanza na nguzo, wanahamia kwenye shina. Ukiingia kwenye shamba la Dodoma tazama chini kwanza, utaona mkulima amezungushia shina majivu au dawa. Kisha tazama juu kwenye waya, uone vichala vinavyoning'inia usawa wa kifua.

Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndicho chenye kazi ya mbegu za zabibu. Kuna Makutupora nyekundu, yenye jina la mahali pake. Kuna Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Kuna Syrah, ya bonde la Rhône, Ufaransa hiyo hiyo. Kwa hiyo mwalimu akitua Paris akiwa ameshashika kichala cha Chenin kwenye vumbi la Hombolo, atakuwa na la kuzungumza na Mfaransa. Atamwambia, huu mti wenu kwetu tunauvunisha mara mbili. Hapo ndipo maongezi yataanza, na kijana atatafsiri hadi achoke.

Njia ya kwenda si ngumu. Kutoka Mnyuzi unatokea Segera, basi la Chalinze na Morogoro. Alfajiri ukianza, jioni uko Dodoma. Anayependa treni ashuke Morogoro apande ile ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024. Sisi wa Mnyuzi tumekaa kwenye njia panda ya reli tangu mwaka 1963, reli ilipounganishwa kutoka hapa hadi Ruvu, ya Tanga ikakutana na Reli ya Kati, lakini kwenda Dodoma bado tunapitia stendi. Ipo pia njia ya Handeni, Kibirashi hadi Kibaya, inayotengenezwa kwa vipande. Kijana mwenye pikipiki ataipenda. Mzee asijaribu wakati wa mvua.

Ukifika, salamu ni "mbukwenyi." Itoe kwa sauti, hata kama lafudhi yako ni ya Kibondei, watacheka na mlango utafunguka. Kula ugali wa uwele kwa mlenda japo mara moja. Ukiwa na siku za ziada, panda kaskazini hadi Kolo, kupita Kondoa, ukaone michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lami ipo mpaka Babati.

Sasa lawama yangu, maana nisiposema nitakuwa nimempamba bibi harusi peke yake. Dodoma hawajajua kumpokea mgeni wa shambani. Barabara ya Hombolo hukuti kibao kinachosema: hapa shamba linatazamwa, Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi, kiingilio kiasi fulani. Mgeni anategemea kujuana. Una shemeji anayemfahamu afisa ugani, basi umeona shamba. Huna, utaziona zabibu kwenye beseni stendi, umeuziwa kilo moja, umerudi. Wakati huo huo kila msimu tunasikia kilio kile kile, wakulima hawana soko, zabibu zinaozea shambani. Mtu aliyekuja kwa miguu yake na fedha mfukoni kutazama, kula, kununua chupa au juisi au zabibu kavu akapeleke zawadi Tanga, naye si soko? Alsace walianza na kibao. Kibao ni mbao, rangi na misumari.

Na nisiwaseme Wagogo peke yao. Hapa kwetu tuna mkonge. Ulikuja mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche elfu moja ilitoka Florida, ikafika Tanga 62 tu iliyo hai, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yote unayoyaona kutoka Hale hadi Mombo, na reli, na kambi, na babu zetu waliokuja kama manamba. Habari hiyo ni kubwa kuliko ya Clos de Vougeot. Mgeni gani wa Ulaya aliyewahi kushushwa Mnyuzi aonyeshwe mkonge unavyopita kwenye mashine ya korona, singa nyeupe inavyotoka upande wa pili na kuanikwa kwenye waya? Mabasi ya watalii yanapita yakienda Arusha, vioo vimefungwa, na mkonge wanaupiga picha wakidhani ni mananasi.

Basi mwalimu wangu, ratiba yako naipanga hivi. Agosti hii nenda Dodoma. Chagua wiki ya Nane Nane, kwa sababu viwanja vya Nzuguni vinakuwa na mabanda ya kilimo ya Dodoma na Singida, na watu wa zabibu wapo, hao ambao siku nyingine ungewatafuta kwa simu tano. Chukua namba zao pale pale, omba siku ya kutembelea shamba, mavuno ya pili yatakuwa yameanza. Uliza kuhusu mkasi wa kupogoa, uliza kuhusu mchwa. Andika kwenye daftari, wewe ni mwalimu. Ukirudi anza karatasi za viza mapema mwakani, uombe kwa ajili ya Juni, umwambie mwanao atafute chumba Beaune, si Paris.

Na nyie wenye mashamba Hombolo na Mpunguzi, kama redio yetu inawafikia, au kuna ndugu yenu ananisikiliza hapa Segera, mwambieni mwalimu yuko njiani na ana nauli yake. Wekeni kibao barabarani kabla ya Nane Nane.